Juu au Chini: Nani Anabeba Ndoo?

Dalali wa Kariakoo ana maneno mawili ya kumshawishi mpangaji. Akimpeleka chumba cha chini humwambia, "Hapa hupandi ngazi, mzigo ukishushwa umeshafika." Akimpandisha ghorofa ya tano humwambia, "Hapa upepo usiku kucha, mbu hawafiki." Mpangaji anasimama mlangoni na kodi ya miezi sita mfukoni, asijue aitoe wapi.

Swali lake limeulizwa zamani sana, na katika miji mingi. Limeulizwa Roma kabla ya Kristo, Lamu katika nyumba za matumbawe, Shibam katika minara ya udongo, Paris chini ya mapaa ya zinki, na Singapore katika nyumba za serikali. Majibu yaligongana. Mji mmoja ulimpandisha mkubwa juu kabisa, mwingine ulimpeleka huko huko fukara asiye na pa kwenda. Nikiyaweka majibu hayo pamoja naona jambo moja linaloyapanga yote: thamani ya ghorofa imefuata mabega ya anayebeba. Maji, kuni, unga, mgonjwa na jeneza havipandi wala kushuka vyenyewe. Palipokuwa na wa kumbebea mwenye nyumba, mwenye nyumba alikwenda juu. Pale kila mtu alipojibebea, juu aliachiwa maskini.

Ili tusichanganyane katika hesabu, hapa "chini" ni sakafu iliyo sawa na barabara, na ghorofa ya kwanza ni ile inayofuata juu yake, kama tunavyohesabu Dar es Salaam na Nairobi.

Roma: chini ya vigae

Roma ya kale ilikuwa mji wa wapangaji. Matajiri wachache walikuwa na nyumba zao za kujitegemea, zenye ua katikati. Umma ulikaa katika majengo ya kupangisha yaliyoitwa insula, yenye ghorofa nne, tano, na mengine zaidi. Chini kulikuwa na fremu za maduka zikitazama barabara, kama ilivyo Kariakoo leo. Juu ya maduka walikaa wapangaji wenye uwezo, katika vyumba vipana vyenye mwanga. Kuanzia hapo, kadiri ngazi zilivyopanda vyumba vilibana na kodi ikashuka, hadi kwenye vijumba vya chini ya vigae walimolala vibarua na familia zao.

Sababu kubwa ilikuwa maji. Mifereji ya Roma ilileta maji mengi mjini, lakini yaliishia kwenye visima na mabomba ya mitaani, kwenye mabafu ya umma na katika nyumba za wakubwa. Aliyekaa ghorofa ya nne aliyapandisha kwa mtungi. Maji machafu aliyashusha kwa njia ile ile, au aliyamwaga dirishani, na waliomwagiwa walikuwa wengi kiasi kwamba sheria ya Kirumi iliweka dai maalumu la fidia dhidi ya mkazi wa chumba kilichomwagwa au kurushwa kitu. Sababu ya pili ilikuwa moto. Katika mji wa taa za mafuta na majiko ya makaa, moto ulianzia chini ukapanda, na wa mwisho kujua alikuwa aliyelala juu. Juvenal, mshairi wa mwanzoni mwa karne ya 2, aliitia hofu hiyo katika shairi lake la kuulaumu mji huo.

Wakuu waliiona hatari. Augustus aliweka kikomo cha futi 70 za Kirumi, yaani mita 20 na ushee, na baadaye Trajan akakishusha hadi futi 60. Kikomo hakikumzuia mwenye jengo kujenga ovyo. Cicero, mwanasheria na mwanasiasa mashuhuri, alimwandikia rafiki yake Atticus mwaka 44 kabla ya Kristo kwamba maduka yake mawili yameanguka na mengine yana nyufa, na kwamba wapangaji wamehama, hata panya nao. Katika barua hiyo hiyo alisema ameshapata shauri la kujenga litakaloigeuza hasara hiyo kuwa faida.

Msomaji wa Dar es Salaam haoni ugeni wowote katika habari hiyo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa limejaa wafanyabiashara, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Anayepanda juu ameikabidhi roho yake kwa kila aliyechimba, aliyemwaga zege na aliyekata nguzo chini yake. Warumi walilijua hilo, na ndiyo maana mwenye fedha miongoni mwao hakupanda mbali.

Lamu na Hadhramaut: wenyewe juu

Ukiingia Lamu, mpangilio unageuka. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, na hivyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, vikifuatana kimoja nyuma ya kingine. Nje kuna daka lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba hupokea watu bila kuwaingiza ndani. Njia ya kuingilia imepinda, ili jicho la mpita njia liishie ukutani. Misana, yaani vyumba virefu vya kukaa, inafuatana, kisha chumba cha ndani chenye zidaka za chokaa zilizochongwa kwa ustadi, ambamo ziliwekwa sahani na vyombo vya thamani.

Katika nyumba zenye ghorofa, familia ilikaa juu. Chini kulikuwa ghala, kazi za mikono, na malazi ya watumwa. Jiko mara nyingi lilikuwa juu kabisa, darini, ili moshi utoke bila kuwasumbua wenyewe. Sasa fikiria maana ya jiko la juu katika nyumba isiyo na bomba. Kila mtungi uliotoka kisimani na kila mzigo wa kuni ulipanda ngazi zote hizo. Waliopanda nao walikuwa watumwa. Uungwana wa ghorofa ya juu, pamoja na upepo wake na sitara yake, ulisimama juu ya mabega ya watu ambao hawakuchagua kubeba. Tunapousifu ujenzi wa pwani, na unastahili sifa, tuliseme na hili kwa sauti ile ile.

Ghorofa ya juu ilikuwa pia hatima ya binti. Baba mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba au sehemu ya nyumba alipoolewa, na pale kiwanja kilipobana alijenga juu. Bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Kwa hiyo nyumba ilikua kwenda juu kama ukoo ulivyokua, na kila sakafu ilikuwa na jina la mwanamke. Baina ya nyumba na nyumba palijengwa wikio, chumba kinachovuka kichochoro kwa juu, ili wanawake wa ukoo mmoja watembeleane bila kushuka barabarani.

Ng'ambo ya bahari, katika bonde la Hadhramaut, mji wa Shibam una wazo la jamaa. Nyumba zake za matofali ya udongo, nyingi zikiwa za tangu karne ya 16, zimepanda ghorofa tano hadi nane na zaidi. Chini hakuna madirisha ya maana, maana ni mahali pa nafaka na mifugo. Katikati ni sebule za wanaume na wageni. Juu zaidi ni kwa wanawake na watoto, na huko pia kuna milango inayounganisha nyumba na nyumba, iliyosaidia wakati wa vita na iliyowasitiri wanawake wakati wa amani. Pwani yetu na Hadhramaut zimepeana watu kwa karne nyingi. Habib Saleh, aliyeasisi msikiti wa Riyadha wa Lamu, alikuwa wa ukoo uliotokea huko. Sisemi kwamba Lamu ilinakili Shibam, kwani ujenzi wa mawe wa pwani una mizizi yake yenyewe. Nasema mabaharia na masharifu waliopita baina ya miji hiyo miwili walizikuta nyumba zenye adabu wanayoielewa.

San'a, katika milima ya Yemen, imeongeza jambo moja la tofauti. Katika nyumba zake ndefu chumba cha juu kabisa, mafraj, chenye madirisha mapana yanayotazama mji na bustani, ni cha wanaume kuketi na wageni. Mgeni wa San'a hupandishwa hadi kileleni, na akiwa ngazini hutamka "Allah, Allah" ili wanawake wajue mwanamume anapita, wajisitiri. Mgeni wa Lamu hupiga hodi chini na mara nyingi huishia chini, dakani au katika sabule, chumba cha wageni. Miji yote miwili inalinda heshima ile ile. San'a inalinda kwa sauti ya mgeni, Lamu kwa kumweka mgeni chini. Ndiyo maana San'a iliweza kumpa mgeni mandhari yake nzuri kuliko zote, na Lamu ikawaachia wenyewe.

Paris: ghorofa ya pili

Paris ya karne ya 19 ni ushahidi wa tatu. Georges-Eugène Haussmann alikuwa mkuu wa mkoa wa Seine kuanzia 1853 hadi 1870, na majengo ya barabara pana zilizopasuliwa katika zama zake bado ndiyo sura ya mji. Chini kuna maduka na chumba cha bawabu. Juu yake ghorofa fupi ya stoo na ofisi. Ghorofa ya pili ndiyo ya wenye heshima: dari ndefu, roshani, nakshi nyingi kuliko nyingine zote. Kutoka hapo dari zinashuka na nakshi zinapungua, hadi kwenye vyumba vya wajakazi chini ya paa la zinki, vyenye bomba moja la maji kwa wote na ngazi ya nyuma isiyoonana na ile ya mabwana. Mchoro wa Bertall uliochapishwa mwaka 1845, kabla hata ya Haussmann, ulilipasua jengo la Paris kama mtu anavyopasua nazi. Ulionyesha ndani yake familia ya kitajiri juu kidogo ya barabara, na mafukara katika vyumba vya darini.

Kwa nini ghorofa ya pili? Maana iko mbali kiasi na tope, kelele na macho ya barabarani, na iko karibu kiasi kwa miguu ya mama mwenye gauni zito. Mtumishi angeweza kumbebea makaa na maji hadi ghorofa ya sita. Mwili wake mwenyewe bwana aliupandisha kwa miguu yake, na hapo ndipo alipokoma.

Jambo linalonishangaza ni kwamba China imefika pale pale kwa njia yake. Majengo ya makazi ya ghorofa sita bila lifti yalijengwa kwa wingi katika miji ya China katika karne ya 20, na wanunuzi wakawa na msemo wao: ya tatu ni dhahabu, ya nne ni fedha. Wachina huanza kuhesabu kutoka chini, kwa hiyo ya tatu kwao ni ya pili kwetu. Mrumi mwenye uwezo juu ya duka, bwana wa Paris kwenye roshani yake na mfanyakazi wa Beijing hawakushauriana. Walikuwa na miguu ya aina moja, na ilichagua sehemu moja.

Lifti ilipofika

Mwaka 1854, katika maonyesho ya New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inia, akaamuru kamba ikatwe, na breki yake ikalishika jukwaa. Mwaka 1857 lifti yake ya abiria ilianza kazi katika duka la Haughwout, jengo la ghorofa tano tu katika barabara ya Broadway. Mwaka 1880 Werner von Siemens alionyesha lifti ya umeme mjini Mannheim. Afrika Mashariki haikuachwa nyuma sana, kwani Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, inatajwa kuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo katika eneo letu kuwekewa umeme na lifti.

Mashine ilipochukua nafasi ya mabega, bei ziligeuka. Kufikia miaka ya 1920 matajiri wa New York walikuwa wakigombea vilele vya majengo ambavyo zamani viliachiwa wafuaji na wajakazi. Na miguu iliponyamaza, hofu nyingine zikapata nafasi ya kusema. Majengo mengi ya Marekani hayana ghorofa iliyoandikwa 13. Hong Kong majengo mengi yanaruka 4, 14 na 24, kwa kuwa nne inakumbusha kifo. Ile nne iliyoitwa fedha na mpanda ngazi ndiyo inayofutwa ubaoni na mpanda lifti.

Hata hivyo lifti haikuzishinda imani zote. Wayahudi washika dini hawabonyezi kitufe cha umeme siku ya Sabato. Ndiyo maana Israeli na New York kuna lifti za Sabato, zinazosimama zenyewe kila ghorofa bila kuguswa, na ndiyo maana familia nyingi za aina hiyo hupendelea ghorofa za chini hata pale lifti ilipo. Wamejiuliza mapema swali ambalo sisi wengine huliahirisha: siku ambayo mashine haitanibeba, nitafikaje kwangu?

Aliye juu na aliye chini

Kuchagua ghorofa ni kuchagua pia nani atakaa juu ya kichwa chako na nani chini ya miguu yako. Tamaduni mbili za kisheria zimelitafakari hili kwa makini, na inafaa kuzisikiliza pamoja.

Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804, katika kifungu chake cha 664, iligawa mzigo kwa nyayo. Kuta kuu na paa zilikuwa mzigo wa wote. Kila mmoja alitengeneza sakafu aliyoikanyaga. Mwenye ghorofa ya kwanza alitengeneza ngazi ya kufika kwake, na mwenye ya pili aliendeleza kuanzia hapo hadi kwake, na kuendelea hivyo. Ilikuwa hesabu ya haki, na kwa hesabu hiyo wa juu alilipia urefu alioutaka.

Majalla, mkusanyo wa sheria za kiraia za dola ya Uthmaniya uliotungwa kwa misingi ya fikihi ya Hanafi na kukamilika katika miaka ya 1870, ulianzia kwingine. Ulisema aliye juu ana haki ya kubebwa na aliye chini, na aliye chini ana haki ya kufunikwa na aliye juu dhidi ya jua na mvua. Kwa hiyo hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kufanya jambo la kumdhuru mwenzake bila ridhaa yake. Mfaransa alihesabu gharama, Mwislamu alihesabu haki za jirani. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008 na Kenya ina yake ya 2020, na zote zinafuata zaidi njia ya hesabu: hisa, michango, chama cha wamiliki. Hesabu inahitajika. Lakini ugomvi mwingi wa maghorofani hautokani na michango. Unatokana na mtu aliyesahau kwamba sakafu yake ni dari ya mwingine, na Majalla ndiyo iliyolishika jambo hilo moja kwa moja.

Chukua kinu. Mwanamke amehamia ghorofa ya nne kutoka nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ua nyuma. Ana kisamvu, ana kinu, ana mchi. Anatandika gunia lililokunjwa mara nne chini ya kinu na kuanza kutwanga. Kwa jirani wa ghorofa ya tatu glasi zinagongana kabatini na mtoto mchanga anaamka. Baada ya siku mbili tatu jirani huyo anapanda, anabisha hodi, anasema kwa upole, "Dada, samahani, mtoto." Siku inayofuata kinu kinashushwa chini, karibu na tangi la maji, na kisamvu kinatwangwa hapo. Wanawake wengine wanaleta vyao. Kinachobaki ni kupanda na sufuria. Ua uliokuwa nyuma ya nyumba umezaliwa upya chini ya jengo, bila mchoraji wa ramani kuupanga.

Singapore iliupanga. Bodi ya nyumba ya serikali huko, HDB, imejenga makazi ya wananchi walio wengi, na kuanzia miaka ya 1970 majengo mengi yaliachwa wazi sehemu ya chini, nguzo tupu na sakafu. Hapo Wamalay hufanyia harusi, Wachina hukesha na maiti wao, wazee hucheza sataranji, watoto hukimbia mvua. Lifti za majengo ya zamani zilisimama ghorofa chache tu, na wazee wakalazimika kumalizia kwa ngazi. Kuanzia 2001 serikali ikaendesha mpango wa kuzifanya zisimame kila ghorofa. Huo ni mji uliouliza nani anabeba, ukaamua kubeba.

Kwetu: ndoo, jua na jeneza

Turudi kwa dalali. Katika mitaa ya Nairobi kama Pipeline, majengo ya kupangisha yamepanda ghorofa sita, saba na zaidi, mengi bila lifti. Maji ya bomba hayafiki juu kila siku. Familia ya watu watano inayotumia mitungi mitano ya lita 20 kwa siku inapandisha kilo 100. Kati ya sakafu na sakafu kuna ngazi kama 16, kwa hiyo ghorofa ya tano ni ngazi 80. Mtazame mbeba maji akipanda: mtungi mmoja kila mkono, kiwiko kimenyooka, anapumzika kwenye kila kona kwa kuegemeza mtungi ukutani bila kuuweka chini, maana kuunyanyua tena ni kazi kuliko kuushikilia. Anatoza zaidi kadiri anavyopanda, na ana haki. Ndiyo maana huko kodi mara nyingi hupungua juu, kama Roma. Mtaalamu wa makazi Marie Huchzermeyer aliandika kitabu kizima mwaka 2011 akilinganisha majengo haya ya Nairobi na yale ya wafanyakazi wa Berlin ya karne ya 19. Ulinganisho huo unasimama vizuri.

Kilomita chache kutoka hapo, na vilevile Masaki au Upanga kwa Dar es Salaam, jengo lenye lifti, pampu na jenereta huuza ghorofa ya juu kwa bei ya juu kabisa, kama New York. Kumbe nchi zetu zina Roma na New York kwa wakati mmoja, na mpaka kati yao ni pampu. Umeme ukikatika na mafuta ya jenereta yakiisha, aliyenunua New York hulala Roma. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Atashuka tu, na ndoo mkononi.

Dalali hakusema habari ya joto. Zege la paa hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku ndani ya chumba kilicho chini yake. Wakati wa joto kali la Agosti 2003 Ufaransa ilipoteza karibu watu 15,000 zaidi ya kawaida, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wazee waliolala vyumba vya chini ya paa walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Vilikuwa vyumba vya aina ile ile ya wajakazi wa karne ya 19. Anayepanga ghorofa ya mwisho Dar es Salaam aulize kama juu yake kuna bati lililoinuliwa linalopitisha hewa au ni zege tupu. Na habari ya mbu aitazame kwa uangalifu. Mbu wa homa ya dengi huzaliana katika maji masafi yaliyotuama, na tangi lisilo na mfuniko juu ya paa linamtosha. Upepo hausaidii hapo.

Wala chini hakuna raha tupu. Vumbi, fundi wa pikipiki mlangoni, mwizi wa dirishani, mvua ya masika inayoingia ndani. Mwanamke wa chini hawezi kufungua pazia mchana. Sitara ambayo nyumba ya Lamu iliipata kwa mlango uliopinda na kuta nene, mpangaji wa chini anainunua kwa kukaa gizani. Watu waliokimbilia juu hawakuwa wajinga.

Hukumu yangu basi ni hii. Katika jengo lisilo na lifti ya kuaminika, kaa ghorofa ya kwanza au ya pili ukiweza. Roma, Paris na China zilifika hapo bila kuambiana, na hakuna sababu ya sisi kujifanya miguu yetu ni tofauti. Ukitaka juu zaidi kwa ajili ya upepo na sitara, usipime kwa nguvu zako za leo. Pima kwa miguu ya aliye dhaifu kuliko wote nyumbani: bibi mwenye goti bovu, mke mwenye mimba ya miezi minane, mtoto anayeugua usiku wa manane. Tazama pia upana wa ngazi kwenye kona. Jeneza haliketi kwenye lifti ndogo, na familia nyingi zimegundua hilo siku ambayo hazikuwa na nguvu ya kugundua chochote.

Na kwenu mnaojenga, acheni sehemu ya chini kwa watu. Msiigeuze yote kuwa fremu na maegesho. Harusi, msiba, kinu na mtoto vinahitaji sakafu isiyo na ngazi, na hao ndio wapangaji wenu.

Msomaji, kabla ya kumpa dalali fedha, zijue habari tatu: tangi liko wapi, pampu inalipiwa na nani, na juu yako anakaa nani. Kisha jaza ndoo ya lita 20 hapo chini na uipandishe mwenyewe hadi mlango unaoutaka. Ukifika na bado una pumzi ya kumsalimu jirani, lipa.